Subira ya Nani? Ujira wa Kibarua na Sulhu Isiyokuwa Sulhu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuamrisha uadilifu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa Utume alichunga mifugo ya watu wa Makka kwa ujira, akaijua kazi ya kuajiriwa kwa miguu yake na kwa mikono yake.

Ama baad. Ndugu msomaji, liko neno tukufu katika dini yetu ambalo baadhi yetu tumeligeuza kuwa kufuli la kufungia milango ya haki. Neno lenyewe ni subira. Mwenye njaa huambiwa subiri, aliyedhulumiwa huambiwa subiri, na aliyedhulumu haambiwi kitu. Leo nataka tuulizane, wewe na mimi, bila ya kuoneana haya: hii subira ni ya nani, na faida yake huingia mfuko wa nani?

Naandika haya nikiwa Dakawa, katika bonde la mto Wami, katika barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Hapa kwetu maisha ni mpunga. Liko shamba kubwa la umwagiliaji lililoanzishwa na shirika la serikali la NAFCO, na baadaye likaingia mikononi mwa wakulima wadogo na ushirika wao. Mpunga huo haujilimi wenyewe. Yuko mtu anayeingia kwenye majaruba, maji yakimfika magotini, akapandikiza mche mmoja mmoja mpaka mgongo ukataa kunyooka. Yuko anayepalilia. Yuko kijana anayeamia ndege tangu alfajiri mpaka jua kuzama, akipiga kelele na kurusha udongo, kwani kwelea kwelea hawana Jumapili wala Ijumaa. Yuko anayevuna, anayebeba magunia, na anayelala mlangoni mwa mashine ya kukoboa ili mwenye mali alale nyumbani kwake. Hawa ndio vibarua. Wengi wao wametoka mbali, na wengine wameshuka kutoka milima yetu ya Uluguru, na hapa hawana mjomba wala shangazi wa kuwasemea.

Sasa tazama mwendo wa mambo. Kazi ikiisha, kibarua huenda kwa tajiri wake kudai. Huambiwa: "Subiri tuvune." Mavuno yakiisha huambiwa: "Subiri bei ipande." Bei ikipanda huambiwa: "Subiri, wanunuzi hawajanilipa." Na mwisho wa yote huambiwa: "Mimi na wewe tunadaiana nini? Una karatasi gani?" Hapo ndipo kibarua anapojua kwamba tangu mwanzo hakuwa akisubiri malipo, bali alikuwa akichoshwa mpaka aondoke.

DINI IMESEMA NINI

Huu ni miongoni mwa milango ya muamala ambayo Uislamu umeiwekea onyo kali. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Ibn Majah, ametuhimiza tumpe mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: mtu aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akafanya hiyana, mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake, na mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akapata kazi yake kamili, kisha asimlipe ujira wake. Zingatia, ewe msomaji! Anayekula ujira wa kibarua amewekwa safu moja na mwenye kuuza watu. Wala si ajabu. Mwenye kuuza mtu amekula thamani ya mwili wake, na huyu amekula thamani ya siku zake. Mwanadamu ana nini zaidi ya mwili wake na siku zake?

Tena Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba mwenye uwezo akichelewesha deni basi kuchelewesha huko ni dhuluma. Hakusema ni uzembe, wala hakusema ni mambo ya biashara. Amesema dhuluma. Kwa hiyo yule anayesema, "Sikukataa kulipa, nimechelewa tu," naye yumo.

Na ikiwa yuko msikilizaji anayedhani kwamba msikiti utamfichia dhuluma hii, naakumbuke ile Hadithi ya mufilisi aliyoipokea Muslim: mtu ajaye Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya huyu, amempiga huyu, basi mema yake hugawanywa kwa wanaomdai mpaka yakaisha, kisha hutwishwa madhambi yao. Swala ya mtu huyu ilikuwa ni kweli. Saumu yake ilikuwa ni kweli. Lakini alikuwa akiwawekea akiba vibarua wake bila ya kujua.

KISA CHA UJIRA WA MPUNGA

Sisi watu wa mpunga tuna kisa chetu katika Hadithi, na nashangaa kwa nini hatukihadithii. Ni kile kisa maarufu cha watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni, kila mmoja akamwomba Mungu kwa amali yake njema. Wa tatu wao alikuwa amemwajiri mfanyakazi kwa kipimo cha mpunga, kama ilivyo katika baadhi ya mapokezi. Mfanyakazi akaondoka bila ya kuuchukua ujira wake. Yule tajiri akaupanda mpunga ule, ukazaa, akauendeleza mpaka ukawa ng'ombe na mchungaji wao. Siku mwenye haki aliporudi kuulizia kipimo chake, akaambiwa: chukua ng'ombe wale na mchungaji wao. Akadhani anachezewa. Akaambiwa: sikuchezei, ni mali yako. Kwa amali hiyo jiwe likasogea.

Ndugu yangu, pima hapo. Yule mtu hakudaiwa mbele ya hakimu. Hakukuwa na karatasi wala shahidi. Mwenye haki alikuwa amekwisha ondoka zake. Naye hakusema "amesamehe," wala "angekuwa anataka angekuja mapema." Aliuona mpunga ule kuwa ni wa mwenyewe kila siku ulipokuwa ukikua. Sisi tunauona mpunga wa kibarua ukigeuka bati la nyumba yetu na pikipiki ya mwanetu, na bado tunamwambia mwenyewe asubiri!

KOSA LANGU MWENYEWE

Huenda ukaniuliza: wewe Shehe unayeandika kwa ukali huu, umefanya nini? Nitakujibu kwa kukiri kosa, kwani asiyeanza na nafsi yake maneno yake hayafiki mbali.

Miaka michache iliyopita alinijia kijana aliyekuwa akifanya kazi ya mwezi kwa mtu mmoja mwenye mashine ya kukoboa. Alikuwa na mishahara ya miezi minne hajalipwa, na alipoidai kwa nguvu akaambiwa afungashe vitu vyake. Alikuja kwangu siku ya tatu tangu kufukuzwa. Akaniambia: "Shehe, niende Morogoro kushitaki?" Nikamwambia: "Mwanangu, usikimbilie serikalini. Haya ni mambo ya ndugu kwa ndugu. Tukae tuyamalize."

Tukakaa barazani baada ya swala ya alasiri, wazee wanne na mimi. Tajiri yule akaja kwa adabu, akakubali deni mbele yetu sote, akaahidi kulipa baada ya mavuno. Tukasoma Fatiha, tukanywa kahawa, tukajiona tumefanya kazi kubwa. Mavuno yalikuwa mbele kwa miezi mitatu. Hatukuandika hata mstari mmoja.

Mavuno yakaja yakapita. Tajiri akakana: miezi minne ikawa miwili, na hiyo miwili akasema ilikwisha katika chakula alichomlisha. Kijana akapanda gari kwenda Morogoro. Huko akaelezwa kwamba muda wa kufungua shauri umekwisha pita, na kwamba kama anataka kusikilizwa aombe kuongezewa muda na atoe sababu ya kuchelewa. Sababu yake ilikuwa moja tu: wazee walimwambia asubiri. Hakuwa na barua ya ajira, hakuwa na maandishi ya baraza letu, wala hakuwa na nauli ya kwenda na kurudi. Akaja kuniaga. Hakunilaumu. Alisema tu: "Shehe, ungeniambia siku ile kwamba siku zinahesabiwa."

Sikulijua jambo lile, na nilikuwa na wajibu wa kulijua kabla ya kukaa kuhukumu. Tajiri alimnyang'anya mshahara. Lakini aliyemnyang'anya muda wake ni mimi.

SIKU ZINAHESABIWA

Kwa hiyo nimejifunza uzeeni, nami nakufunza wewe. Nchi yetu ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini na Sheria ya Taasisi za Kazi, zote mbili za mwaka 2004. Chini ya sheria hizo iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nayo ina ofisi mjini Morogoro. Kwa kanuni za mwaka 2007, aliyeachishwa kazi isivyo haki hupewa siku 30 tu tangu kuachishwa ili apeleke shauri lake. Mwenye mgogoro mwingine, kama huu wa mshahara usiolipwa, hupewa siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Kufungua shauri hakuna ada.

Na jambo linalonifedhehi zaidi ni hili: Tume yenyewe huanza na sulhu! Msuluhishi huwaketisha tajiri na mfanyakazi, naye hupewa siku 30 kuwapatanisha. Wakipatana, mapatano huandikwa na kutiwa saini. Wasipopatana, ndipo shauri huendelea kwenye uamuzi, na uamuzi huo hutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Asiyeridhika hupeleka malalamiko yake Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Sasa niambie, kipi katika hayo kinachopingana na dini? Sulhu yetu ya barazani haikuwa na karatasi, haikuwa na tarehe, haikuwa na wa kuisimamia. Ile tuliyoiita ya serikali ndiyo iliyoshika adabu ya Qur'ani zaidi kuliko yetu, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Surat al-Baqara, imeshuka kufundisha kuandika deni, dogo au kubwa, mpaka muda wake, na kuweka mashahidi.

Ijulikane vilevile kwamba kukosa karatasi si mwisho wa haki. Sheria imemtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Na asipoweza kuyaonyesha mbele ya baraza, mzigo wa kuthibitisha ni wake yeye. Tena mtu aliyemfanyia kazi mwenziwe kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huhesabiwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitike vingine, hata aitwe kibarua mara mia. Ama aliyechukua kazi moja kwa mapatano, kama kupalilia eka mbili kwa bei fulani, huyo deni lake laweza kudaiwa Mahakama ya Mwanzo kama madeni mengine.

HATA MKOLONI ALIANDIKA

Marehemu baba yangu alikata mkonge katika mashamba ya mkoa huu zamani za Mwingereza. Wazee waliopita Tungi, Pangawe na Kimamba wanakumbuka kile kipande: kadi yenye nafasi 30, na kila siku ukimaliza kazi yako hutiwa alama. Ilikuwa ni kazi ya mateso, na kadi isiyojaa haikulipwa, na Mungu atawauliza walioiweka. Lakini angalia aibu yetu: yule kafiri aliyekuja kutunyonya aliandika siku za mtu mweusi, na sisi tunaoswali safu moja na kibarua hatumwandikii hata siku moja!

Wala usidhani kwamba haki ikicheleweshwa hufa kimya kimya. Mwaka 1986, katika kiwanda cha sukari cha Kilombero, mkoa wetu huuhuu, mgogoro wa wafanyakazi na uongozi uliishia kwa risasi za polisi na roho za watu. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wake wa reli, bandari na posta walibaki wakidai mafao yao. Mji wa Morogoro ni mji wa reli, na wazee hao tulikuwa nao. Wengi walizikwa wakidai. Na mpaka baada ya mwaka 2000 wazee waliobaki walikuwa bado wakikusanyika Dar es Salaam na makaratasi yao mkononi. Hao walikuwa na makaratasi, nao walisubiri miaka zaidi ya 20. Kibarua wa Dakawa asiye na hata kipande atasubiri mpaka lini?

MANENO YA WAPINZANI NA MAJIBU YAKE

Kwanza, watasema: "Hata mwenye shamba hana. Ndege wamekula, maji yamekatika." Jibu: aliyeishiwa kweli ana hukumu yake, nayo ni kupewa muhula mpaka afarijike, kama Qur'ani ilivyoagiza. Lakini muhula huo hutolewa baada ya dhiki kujulikana. Si kila mwenye kusema "sina" ni mwenye dhiki. Kisha kibarua si mshirika wa shamba. Mavuno yakiwa mengi hagawiwi faida. Vipi yakiwa machache agawiwe hasara?

Pili, watasema: "Kumshitaki Muislamu mwenzio ni kuvunja udugu." Jibu: udugu ulivunjwa siku ujira ulipoliwa. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumnusuru ndugu yetu akiwa dhalimu au akiwa mdhulumiwa, na akabainisha kwamba kumnusuru dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Basi anayempeleka dhalimu kwenye Tume amemnusuru kuliko sisi tuliomnywesha kahawa.

Tatu, watasema: "Sulhu ni kheri." Naam, ni kheri, nami sitaki ife. Lakini Mtume (S.A.W.) ameishurutisha: kila sulhu yajuzu baina ya Waislamu isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kumlazimisha mwenye laki nne akubali laki moja kwa kuwa wazee wamemkalia kitako, hiyo si sulhu. Kusamehe ni haki ya mwenye kudai peke yake, tena kwa ridhaa yake, akiwa ameshiba na si akiwa na njaa. Mzee hawezi kusamehe kwa mfuko wa mtu mwingine.

Nne, watasema: "Vibarua wenyewe wavivu, wengine wezi." Jibu: aliyefanya nusu ya kazi ana ujira wa nusu, na mwizi ana mlango wake wa kushitakiwa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

NA SISI NYUMBANI KWETU

Kabla sijamaliza, nigeukie kamati zetu za misikiti na madrasa. Tunamwajiri maalim afundishe watoto mia, tunamwahidi posho, kisha tunamwambia thawabu zake ziko kwa Mungu. Hakika ziko kwa Mungu! Lakini posho yake iko kwenu. Na fundi aliyejenga ukuta wa msikiti akabakiziwa fedha yake, ukuta ule unamshuhudia kila tunapotia nia ya swala. Tukiwa tunadhulumu ndani ya nyumba ya Mungu, tutamkataza nani nje?

WASIA

Ewe tajiri: taja ujira kabla ya kazi, kwani mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafii wamesharutisha ujira ujulikane. Nabii Musa (A.S.) alipoajiriwa kule Madyan alitajiwa miaka yake na malipo yake kabla hajashika fimbo ya kuchungia. Nunua daftari, andika siku za kila mtu, mpe naye nakala. Tenga fedha ya vibarua kabla ya fedha ya mbolea.

Ewe kibarua: andika na wewe mwenyewe, kila siku, hata kwa penseli. Kaa na shahidi siku ya kupatana. Ukinyimwa haki yako, njoo kwa wazee kama upendavyo, lakini kumbuka 30 na kumbuka 60. Kudai kwa njia ya haki hakukutoi katika watu wenye subira. Subira ni kutotukana, kutochoma shamba la mtu na kutoiba mpunga wake usiku.

Enyi wazee na maimamu wenzangu: msikae baraza la ujira bila ya kalamu. Ulizeni kwanza, mgogoro ulizuka lini. Andikeni kiasi, andikeni tarehe ya kulipa, wote watie saini, na tarehe hiyo isipite siku za sheria. Ikiwa tajiri ataka muda mrefu zaidi, kijana na afungue shauri lake kwanza, na mapatano yaandikwe hukohuko mbele ya msuluhishi.

Mwisho, ndugu msomaji, nakukumbusha jambo tulionalo kila wiki. Maiti wetu akiwekwa mbele, husimama mtu akatangaza: mwenye kumdai marehemu awaone wafiwa. Tunafanya vyema, kwani Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile. Lakini mimi katika maziko yote niliyohudhuria hapa, nimeona wenye maduka wakijitokeza, na wenye kukopesha fedha, sijapata kumwona kibarua aliyeamia ndege akisimama na kusema, "Namdai." Si kwamba hawadai. Wamekwisha kwenda zao, kila mmoja na kwao, na hawajui hata kwamba tajiri wao amekufa. Tunasema hakuna anayedai, tunaleta takbira, tunamzika. Anayejua hesabu yao anajua.

Mwenyezi Mungu atujaalie tulipe tungali hai, na atusamehe sisi tuliowasubirisha watu haki zao kwa jina Lake. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa madrasa, Dakawa